Kamera Kuukuu Yenye Kipima-Umbali: Namna ya Kuichagua Usipate Hasara

Mkulima aendaye mnadani kununua ng'ombe wa maziwa hatazami pembe wala rangi ya ngozi peke yake. Humshika kiwele, humfungua kinywa akamtazama meno, humtembeza hatua kadhaa apate kuona kama achechemea, kisha huuliza amezaa mara ngapi na kwa nini anauzwa. Lakini mkulima huyo huyo, au ndugu yake aliye karani mjini, akiingia dukani kununua kamera iliyokwisha kutumiwa na wengine, huvutwa na mng'ao wa chuma chake, hubonyeza kitufe mara moja, husikia imelia, naye hutoa fedha. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya mtu huyo.

Kamera tutakazozieleza hapa ni zile ndogo zitumiazo filamu ya upana wa milimita 35, ambazo zina kipima-umbali ndani yake. Huenda msomaji akauliza, ya nini kujisumbua na kitu cha namna hii wakati ambapo simu ya mkononi hupiga picha elfu bila filamu? Swali hilo ni la haki. Lakini wako watu, nao si wachache, wapendao kazi itakayo mkono na fikira, na wapendao kuwa na filamu yenyewe katika bahasha, ambayo wajukuu wao wataweza kuiinua mbele ya dirisha na kuona nyuso za wazee wao bila mashine yo yote. Tena kamera hizi nyingi zilitengenezwa kwa chuma na shaba, na fundi hodari aweza kuzifungua na kuzirudisha katika kazi hata baada ya miaka 60. Hasara haiko katika kuzipenda. Iko katika kununua mbovu.

Kwanza na tufahamu kitu chenyewe. Ukiitazama kamera ya aina hii kwa mbele utaona madirisha madogo mawili juu ya lenzi, moja upande huu na jingine upande ule. Ukiweka jicho lako nyuma, utaona picha ya kitu ulicholenga, na katikati yake kipo kiraka kidogo chenye nuru ambamo kitu kile kile chaonekana mara mbili. Picha ya pili yaletwa na dirisha la pili kwa njia ya kioo. Unapoizungusha lenzi, picha hizo mbili husogeleana. Zikikutana zikawa moja, umekwisha kupima umbali, na lenzi imekwisha kukaa mahali pake. Ni jambo lile lile lifanywalo na macho yetu mawili: kila jicho huona kwa pembe yake, na akili hulinganisha ikajua kitu kiko mbali kiasi gani. Ndiyo maana kamera ambayo madirisha yake yameachana sana hupima vizuri kuliko ile ambayo yamekaribiana. Katika Contax II ya mwaka 1936 madirisha yaliachana kwa milimita 90. Katika Leica M3, milimita 68 na nusu. Katika Zorki-4 ya Kisovieti ni 38 tu. Kwa lenzi ya kawaida hata hizo 38 zatosha, lakini kwa lenzi ndefu yenye tundu kubwa tofauti hiyo huonekana katika picha.

Leica ya kwanza ilianza kuuzwa mwaka 1925, kazi ya Oskar Barnack katika kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, nayo haikuwa na kipima-umbali kilichounganishwa na lenzi. Mpiga picha alikadiria kwa macho au kwa kifaa cha pembeni. Mwaka 1932 yalitokea mambo mawili kwa pamoja: Leitz walitoa Leica II yenye kipima-umbali kilichounganishwa na lenzi, na washindani wao Zeiss Ikon wa Dresden wakatoa Contax. Mwaka huo huo Mfaransa Henri Cartier-Bresson alinunua Leica yake mjini Marseille, nayo ikamfuata katika kazi iliyompa jina ulimwenguni. Si watu wote wajuao kwamba kabla ya hapo, mwaka 1931, alikuwa Côte d'Ivoire akipiga picha kwa kamera nyingine, nayo pia ilikuwa kuukuu. Aliporudi Ufaransa na kusafisha filamu aliona kwamba unyevu ulikuwa umeingia ndani ya kamera, na picha zake zilikuwa zimefunikwa na michoro kama majani makubwa ya mwituni. Basi msomaji wa Mombasa au Lamu asidhani kwamba unyevu ni adui mdogo. Tutarudi kwake.

Kutoka kwa hizo mbili zilizaliwa nyingine nyingi. Mjini Kharkov, katika jumuiya ya kazi ya vijana waliokuwa hapo kwanza hawana makao, ilianza kutengenezwa mwaka 1934 kamera iliyoigwa kutoka kwa Leica, nayo ikaitwa FED kwa herufi za kwanza za majina ya Felix Edmundovich Dzerzhinsky. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikafuata Zorki mwaka 1948. Mitambo ya Contax nayo ilichukuliwa na Wasovieti, na kuanzia mwaka 1947 kamera ile ile ikauzwa kwa jina la Kiev. Wajapani nao waliingia: Canon, Nikon, na baadaye Yashica, Minolta, Konica na Olympus. Mwaka 1954 Leitz walitoa Leica M3, ambayo zaidi ya 200,000 zilitengenezwa, na wengi husema ndiyo kilele cha kazi hii. Mwaka 1959 Nikon wakatoa Nikon F, kamera ya kioo ambamo mtu hutazama kwa kupitia lenzi yenyewe, na watu wa magazeti wakaanza kuhamia huko. Kwa hiyo kamera za kipima-umbali zilizo nyingi sokoni zina umri wa babu.

Katika mambo ya uchaguzi, mimi nazigawa katika mafungu mawili. La kwanza ni zile ambazo lenzi yake haitoki. Humo mna Canonet, Yashica Electro 35, Olympus 35 RC, Minolta Hi-Matic na jamaa zao, za miaka ya 1960 na 1970. Fungu la pili ni zile ambazo lenzi hutoka ikawekwa nyingine: Leica, Contax, Canon P na Canon 7, Nikon S, na za Kisovieti. Mtu ambaye hajapata kutumia kamera hata moja ya namna hii, naye ana mshahara wa kawaida, ningemshauri aanze na fungu la kwanza. Lenzi zao ni nzuri kuliko bei yao, shata yao imo ndani ya lenzi na haina kitambaa cha kuungua, nazo ni kimya hata katika ibada. Lakini binadamu hupenda jina. Nimeona kijana akiuza pikipiki yake ili anunue Leica, akawa hana fedha ya filamu.

Nikizungumza juu ya kitambaa cha kuungua ni kwa kuwa jambo hilo lilinipata mwenyewe, na nafuu niliseme wazi.

Mwaka 1987 nilikuwa karani, nami niliweka akiba miezi minane nikanunua kamera kuukuu ya kubadili lenzi katika duka ambalo silitaji. Ilikuwa safi kama sahani. Mwezi uliofuata tulikusanyika nyumbani kwa nyanya yangu, watoto wake na wajukuu wote, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu babu afariki. Nilipiga filamu nzima, picha 36. Nyanya aliketi kitini chini ya mti na kitambaa chake cheupe kichwani, akanikataza kumwambia acheke. Filamu iliporudi kutoka kwa msafishaji, kila picha ilikuwa na madoa meupe, makubwa kama punje za mahindi, na katika picha ya nyanya mawili yalikuwa yameangukia shavuni na juu ya jicho. Hakuishi miezi mitatu baada ya siku ile. Hatukuwa na picha yake nyingine ya uzeeni.

Mwenye duka aliniambia kwamba bidhaa ikitoka dukani imekwisha kutoka. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee, naye hakuifungua kwanza, alinihoji.

"Mwanangu, ulikuwa ukiibeba vipi?"

"Shingoni, mzee."

"Na kifuniko cha lenzi?"

"Nilikitia mfukoni, nisije nikapitwa na picha."

Akacheka kidogo, si kwa dharau. "Ulipokuwa mtoto hukupata kuwasha majani makavu kwa kioo na jua?"

Nikamwambia nilipata.

"Basi hiyo lenzi ni kioo kile kile, na pazia lililo nyuma yake ndiyo majani makavu. Kama si wewe uliyeliunguza, ni yule aliyekuwa nayo kabla yako, na wewe hukutazama."

Kisha akatoa lenzi, akafungua mgongo wa kamera, akafunga mlango na kuzima taa. Akashika tochi mbele ya kamera na kuniambia nitazame kwa nyuma. Niliona nyota nne. Zilikuwa matundu madogo katika pazia la kitambaa, na kila moja lilikuwa limepitisha jua siku nzima juu ya filamu yangu. Kubadili pazia kulinigharimu karibu sawa na bei ya kamera yenyewe. Lakini zoezi lile la tochi, ambalo halichukui dakika mbili, lingaliniokoa, nalo ndilo la kwanza nitakalomwambia msomaji alifanye.

Omba ruhusa ya muuzaji, toa lenzi, fungua mgongo, nenda mahali penye giza na ujaribu kwa tochi. Kisha vuta filamu, yaani kaza shata, ujaribu tena, maana mapazia ni mawili na kila moja huonekana kwa zamu yake. Kamera ambazo hazifunguki mgongo, ambazo filamu huingizwa kwa chini, kama vile Leica za kwanza, FED ya kwanza na Zorki ya kwanza, haziwezi kujaribiwa hivi kwa urahisi. Hizo huna budi kuzitilia filamu, uziache juani dakika chache bila kifuniko, bila kuielekeza lenzi kwenye jua lenyewe, kisha uisafishe filamu hiyo. Canon P na Canon 7 zina mapazia ya chuma chembamba. Hayatoboki kwa jua, bali hukunjamana kwa vidole vya watu. Mikunjo hiyo yachukiza macho lakini mara nyingi haidhuru kazi. Mapazia ya Kiev ni ya vipande vya chuma vilivyoshikwa na riboni za hariri, na riboni zikikatika kazi imekwisha mpaka fundi apatikane, nao wanaoijua kamera hiyo si wengi.

Baada ya matundu, sikiliza kasi. Weka kasi ya sekunde moja, bonyeza, na uhesabu kwa saa yako. Ukisikia mtambo unalia kisha wanyamaza katikati na kukwama, mafuta yake yameganda. Jambo hilo latengenezeka, lakini gharama yake itoe katika bei. Kisha weka kasi kubwa kabisa, 1/500 au 1/1000, fungua mgongo, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe wenye mwanga na ubonyeze huku ukitazama ndani. Yapasa uone mmweko wa nuru kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili. Kama upande mmoja wabaki mweusi, mapazia hayaendi sawa, na upande huo wa kila picha utakuwa giza. Katika kamera za Kisovieti za miaka ile usibadili kasi kabla hujakaza shata. Zorki-4 nyingi zimevunjwa ndani na wanunuzi waliokuwa wakizijaribu tu. Ukimwona muuzaji mwenyewe akizungusha kasi ovyo kabla ya kukaza, itie shaka na kamera.

Sasa kipima-umbali chenyewe. Toka nje ya duka ukalenge kitu kilicho mbali sana, kwa mfano mlingoti ulio umbali wa kilomita moja, au mwezi kama ni jioni. Lenzi ikiwa imezungushwa mpaka mwisho wake, picha mbili ziwe moja. Kisha mwambie rafiki yako asimame na kipimo cha mita moja, ulenge uso wake, na utazame namba iliyo juu ya lenzi. Picha zikiachana kwa kulia na kushoto, huo ni upungufu wa kawaida ambao fundi aurekebisha kwa bisibisi. Zikiachana kwa juu na chini, nayo hurekebishwa, ila kwa kazi zaidi. Lakini kiraka kikiwa hafifu hata huoni picha ya pili chumbani, kioo cha ndani kimechakaa. Katika Leica M3 lipo jambo baya zaidi: ikianguka, gundi ya vioo vya ndani huweza kuachia na dirisha likawa jeusi. Ukikutana na M3 ya bei rahisi mno, tazama hapo kwanza.

Juu ya Leica za bei rahisi lazima niongeze onyo. FED na Zorki zinafanana sana na Leica za kale, na kwa miaka mingi wajanja wamekuwa wakifuta jina lake na kuchora jina la Leica, na nyingine huzipaka rangi ya dhahabu au kuzichora tai na alama za jeshi la Wajerumani ili zionekane ni za vita. Toa lenzi utazame ndani, kwa juu. Kile kiungo kinachoguswa na lenzi ili kuendesha kipima-umbali, katika Leica kina gurudumu dogo la mviringo. Katika FED na Zorki ni kipande cha chuma chenye umbo la kabari. Herufi zaweza kuchorwa upya na ye yote, lakini gurudumu lile wajanja wengi hawajisumbui nalo. FED si kamera mbaya, na kwa bei ya FED ni ununuzi mwema. Tatizo ni kulipa bei ya Leica.

Tuje kwa lenzi, maana hiyo ndiyo ichorayo picha, na hapo ndipo ningependa mnunuzi atumie nusu ya muda wake.

Fungua tundu lote, shika lenzi mbele ya nuru, kisha imulike kwa tochi kutoka nyuma. Vumbi kidogo halina neno. Kila lenzi ya zamani inalo. Mkwaruzo mmoja mbele haudhuru kama watu wadhanivyo, lakini mikwaruzo mingi midogo, ya mtu aliyekuwa akiifuta kwa shati lake, huifanya picha iwe hafifu juani. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ni mbaya kuliko wa mbele. Ukiona weupe kama pumzi iliyoganda, huo ni ukungu wa mafuta yaliyopanda kutoka ndani, nao husafishika kama haukukaa mno. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, au kama mizizi, hiyo ni kuvu. Kuvu ikiwahiwa husafishwa. Ikichelewa hula ule utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na alama zake hazitoki milele. Lenzi iliyokaa miaka mingi pwani ndani ya mkoba wa ngozi, kabatini, karibu kila mara ina kuvu.

Mafuta katika vibati vya tundu yana sheria mbili. Katika lenzi ya kutoka, ambayo shata iko nyuma katika kamera, mafuta hayo si kitu kikubwa. Katika kamera ya lenzi isiyotoka, shata na tundu vimo pamoja, na mafuta yakifika kwenye shata huinata isifunguke. Basi katika Canonet na jamaa zake bonyeza mara 20, si mara moja. Yenye mafuta mara nyingi hufunguka vizuri ikishapata moto, kisha kesho yake asubuhi hukwama tena.

Ni lenzi ipi? Kwa kamera moja ya mtu mmoja, milimita 50 yatosha kwa miaka. Elmar ya f/3.5 ni ndogo, yaingia ndani ya kamera, nayo hupiga picha nzuri mchana. Chumbani ni giza kwake. Summicron ya f/2, iliyotolewa mwaka 1953, ni bora lakini ni ghali. Jupiter-8 ya Kisovieti, f/2, ilizaliwa kutoka kwa Sonnar ya Zeiss iliyobuniwa na Ludwig Bertele, na nyuso ilizozipiga zina upole ambao mimi naupenda kuliko ukali wa lenzi mpya. Canon nao walitoa 50 ya f/1.8 iliyo imara sana. Zote hizo zafungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, kwa kipimo kile kile cha milimita 39, na kwa kipete cha kuunganishia zaingia hata katika Leica za M. Lenzi za M, ambazo huingizwa na kuzungushwa kidogo tu mpaka zilie, hazirudi katika kamera za zamani.

Lakini kuingia si kukubaliana. Lenzi za Kisovieti zilifuata kipimo kilichotofautiana kidogo na kile cha Leitz. Ukitia Jupiter-8 katika Leica au Canon, vitu vya mbali vitatokea wazi, bali uso ulio umbali wa mita moja, tundu likiwa wazi kabisa, waweza kukosekana: ulilenga jicho, sikio ndilo lililotokea wazi. Katika milimita 85 jambo hilo ni kubwa zaidi. Kwa hiyo lenzi ya Kisovieti iwe na kamera ya Kisovieti, au ufanye jaribio: tandaza gazeti juu ya meza, lenga mstari mmoja kwa mshazari, piga, na utazame filamu ni mstari upi uliotokea wazi.

Ukitaka lenzi ya pili, apigaye watu na afikirie 90. Apigaye mashamba, majengo na mikutano, 35. Kumbuka kwamba dirisha la kamera nyingi za zamani laonyesha 50 tu, na 35 yahitaji kidirisha cha kuwekwa juu, ambacho bei yake yaweza kupita ya lenzi. Leica M3 haina alama za 35. Zimo za 50, 90 na 135. M2 ndiyo yenye 35. Zaidi ya 135 kipima-umbali hakiwezi tena kulenga vyema, kwa hiyo mtu ambaye ndoto yake ni simba wa Amboseli au ndege wa Nakuru asinunue kamera ya aina hii hata kidogo. Anunue ya kioo.

Betri. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitumia betri ya zebaki ya volti 1.35. Betri hizo zilitoweka madukani, na Mkataba wa Minamata uliokubaliwa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza nyingi kati yake. Zinazouzwa badala yake zina volti 1.5 na nguvu yake hushuka polepole, kwa hiyo kipima-nuru hudanganya. Uliza basi: kamera hii bila betri hufanya kazi? Canonet QL17 na Olympus 35 RC hufanya kazi zote za shata bila betri, ukiweka tundu na kasi kwa mkono. Yashica Electro 35 bila betri hubakiwa na kasi moja tu, kwa hiyo usiinunue kabla hujaiona ikifanya kazi ikiwa na betri. Tazama pia kijumba cha betri; chumvi ya kijani humo ina maana kwamba nyaya zimeliwa.

Asiye na kipima-nuru asihofu. Kwa filamu ya ASA 100 juani, weka f/16 na kasi iliyo karibu na 1/100. Kwa ASA 400, kasi iliyo karibu na 1/400. Ila kanuni hiyo haikufikiria saa sita ya mchana ya huku kwetu, jua likiwa utosini na mtu amevaa kofia. Uso mweusi chini ya kofia wataka tundu lifunguliwe hatua mbili zaidi, yaani f/8, na ukuta ulio nyuma yake uache uwe mweupe upendavyo. Au umwombe asogee kivulini mwa nyumba, ambako nuru ni laini, ufungue hatua tatu au nne. Picha nyingi za jamaa zetu zimeharibika si kwa kamera mbovu bali kwa kupimia mbingu.

Katika bei, nitasema maneno machache. Kabla ya kupatana uliza ni wapi filamu itauzwa na ni nani ataisafisha, maana siku hizi hazipatikani kila mji kama zamani. Omba muda wa juma moja, upige filamu nzima uione, na makubaliano hayo yaandikwe katika risiti pamoja na namba ya kamera na namba ya lenzi. Namba hizo zitakusaidia kujua umri wake, na zitakulinda kama mwenye mali aliyeibiwa atatokea. Muuzaji akikataa risiti, mrudishie kamera yake.

Ukishaipata, usiiweke katika mkoba wake wa ngozi ukafunga kabatini. Ngozi hunyonya unyevu na kuvu huanza humo. Yakae katika kopo lifungikalo vizuri, wewe mtu wa pwani, kamera na lenzi pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu, na vifuko hivyo vikaushwe upya kila vikilowa. Itoe kila mwezi, ubonyeze kila kasi mara chache, uiache kidogo mahali penye hewa. Usiihifadhi shata ikiwa imekazwa. Na kifuniko cha lenzi kikae juu ya lenzi mpaka ile saa ya kupiga. Utasahau kukitoa, kwa maana katika kamera hizi dirisha halipiti katika lenzi na hutaona giza lo lote; utapiga picha tano nyeusi kabla hujajua. Mimi nimezipiga nyingi za namna hiyo, na sijajuta, kwa sababu picha ya nyanya iko ukutani mbele yangu ninapoandika haya, na madoa yake mawili.